Fuvu Lililogeuka N

Nyie mnaopanga kurasa siku hizi, mnaochagua fonti kwenye skrini kama mtu anayechagua nyanya sokoni, nitegeeni sikio kidogo. Nimestaafu siku nyingi. Macho yamechoka na vidole vimekakamaa, lakini kuna jambo moja katika kazi hii ambalo mpaka leo hunishtua nikiwa nimekaa tu barazani nachambua mchele.

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mpanga herufi hudhani ilikuwa kazi ya utulivu. Mimi niliifanya kwa hofu karibu miaka yote. Mwanzoni nilihofia makasha ya herufi za madini ya risasi, zile zilizopangwa moja moja kwa mkono. Kila kasha lilikuwa na vijumba vidogo vidogo, na kila herufi na kijumba chake. Ukiliangusha, kutwa nzima unaokota sakafuni huku wenzako wanakuruka. Aliyenifundisha ni Mzee Anaeli, Mmeru wa Mlima Meru, juu ya mji wetu wa Arusha, mtu wa miwani minene aliyekuwa akipiga mluzi nyimbo za kanisani bila kujijua. Alinifundisha kusoma ukurasa ukiwa kichwa chini miguu juu. Alinifundisha pia kuisikia herufi kwa dole gumba, kwa sababu kila moja ilikuwa na mkato ubavuni unaokuambia kama umeisimamisha sawasawa. Mluzi wake ukikatika ghafla, ujue ameona kosa, na wote tulikuwa tunaacha kazi kusubiri tusikie ni la nani.

Halafu zikaja enzi za ruksa, serikali ilipofungulia watu binafsi biashara. Maduka ya Arusha yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa bidhaa, na kila aliyekuwa na kachumba akafungua biashara. Viwanda vya uchapaji vikaota mjini kila kona. Kiwanda chetu kidogo kikauza herufi za risasi kama vyuma chakavu, kikanunua kompyuta, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Nakumbuka wenzangu wakitoka getini na mabegi yao, na sisi tuliobaki tukishindwa kuwatazama usoni. Toka siku hiyo nikawa na hofu nyingine. Kila mara mkurugenzi wetu alipofungua mlango wa ofisi yake, nilidhani ni zamu yangu.

Programu tuliyotumia tuliachiwa na mwalimu mmoja wa hisabati aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwa ya kubofya. Ulikuwa unaandika amri, moja baada ya nyingine: hapa kichwa cha habari, hapa aya mpya, hapa herufi nzito. Kisha unaipa mashine izisome zote na kukupangia ukurasa. Ungeweza hata kutunga amri zako mwenyewe. Mimi na Mzee Anaeli tulikaa na kitabu chake cha maelezo, kinene kama Biblia, kamusi ikiwa katikati yetu. Yeye, mzee yule aliyezoea risasi, ndiye aliyekuwa akinitia moyo. Alisema mashine hii nayo ina makasha, ila sasa makasha yamo ndani.

Na kweli ilikuwa hivyo. Kila fonti ilikuwa na mafaili mawili. Moja liliiambia programu kila herufi ina upana gani, jingine lilikuwa na umbo lenyewe. Ukikosea ukaoanisha upana wa fonti hii na umbo la fonti ile, herufi zinabanana kama watu kwenye foleni ya sukari ya zamani. Yalinikuta hayo kwenye kadi ya harusi. Jina la bibi harusi lilitoka limekunjamana hata ungedhani amebadili mawazo. Mzee Anaeli alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini kuna jambo la tatu kuhusu fonti, na hilo ndilo lililonifanya niwaite hapa. Ndani ya fonti, kila umbo lina nafasi yake, kama kile kijumba cha kasha. Katika fonti ya kawaida, kwenye nafasi ya N utakuta N. Tulikuwa na fonti nyingine ya alama tupu: mikasi, simu, nyota, mikono inayoonyesha njia. Kwenye fonti hiyo, nafasi ile ile ya N ilikuwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili. Ukiiambia programu, nipe nafasi ya N kutoka fonti ya alama, unapata fuvu. Sasa jiulizeni: ikiwa fonti ya alama haipo kwenye mashine hiyo, inakuwaje? Ningependa kuwaambia kwamba programu ilikuwa inasimama na kugoma. Haikusimama. Ilichukua fonti ya kawaida, ikaenda nafasi ile ile, ikakupa N, na ikaendelea na kazi. Onyo lake lilikuwa mstari mmoja tu unaopita kwenye skrini katikati ya mistari mingine mingi.

Kazi ilikuwa ya lebo. Wakati huo dawa za kahawa zilikuwa zimetoka mikononi mwa chama cha ushirika, na wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kuziuza. Mmoja wao alikuwa Bwana Nikodemo, Mchaga mwenye duka la pembejeo mjini, mtu mnene, mpole, anayeongea taratibu. Alikuwa ananunua dawa ya wadudu kwenye madumu makubwa na kuigawa kwenye chupa ndogo ambazo mkulima mwenye kihamba tu, kile kishamba cha nyumbani, angeweza kumudu. Alikuja kwetu kutaka lebo. Nilimpangia mimi. Nilitunga amri moja niliyoiita hatari: inachora pembetatu nyekundu na kuweka fuvu katikati. Kwenye printa yetu ilitoka vizuri. Mzee Anaeli aliikagua, mluzi haukukatika, naye Bwana Nikodemo akaikubali.

Ila printa yetu haikuweza kutoa filamu safi ya kuchapia rangi, ile plastiki angavu inayobeba picha kwenda mtamboni. Flopi yenye kazi yetu ilipelekwa kwenye duka moja mjini lenye mashine ya filamu. Huko fonti yetu ya alama haikuwepo. Zamani tulikuwa tunaenda wenyewe kuzitazama filamu kabla hazijaingia mtamboni, lakini mkurugenzi alikuwa ameshapiga marufuku. Alisema biashara huria haisubiri mtu anayekagua mara tatu. Filamu zikapita moja kwa moja, lebo zikachapwa, chupa zikabandikwa, na gari likapanda nazo mlimani.

Nilikutana na chupa hizo Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Shule zilikuwa zimefungwa, na binti yangu Upendo alikuwa kwa bibi yake huko juu, kwenye migomba. Nilipanda na mkate na sukari. Nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, Upendo amekaa chini katikati ya magoti yake, nywele zimefumuliwa zote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa anamchana mtoto kwa utaratibu, na pembeni yake kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa na bakuli la bati. Akaniambia kwamba huyu mtoto amekuja na chawa kutoka shuleni, lakini nisijali, leo tunawamaliza.

Nilitazama ndani ya bakuli. Kulikuwa na maji meupe kama maziwa. Harufu niliifahamu kabla sijaona chupa. Kisha nikaiona, imesimama karibu na mguu wa kigoda, na kwenye lebo yake kulikuwa na pembetatu nyekundu yenye herufi N.

Sikumbuki niliweka wapi mkate. Nakumbuka nilimshika Upendo mkono nikamvuta kwa nguvu mpaka akalia, na mama mkwe akanitazama kama niliyepagawa. Nilimwuliza kama ameshampaka. Alisema bado, ndiyo kwanza anamaliza kuchana. Nikanusa kichwa cha mwanangu, nikanusa mikono yake, nikanusa shingo.

Mama mkwe hakujua kusoma, lakini hakuwa mtu mjinga. Amelima kahawa maisha yake yote. Dawa ya zamani alikuwa anaifungia kwenye kibanda cha mbuzi, na hakuna aliyeruhusiwa kuisogelea. Nilipomwuliza kwa nini hii ameileta jikoni, alinijibu kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni.

"Mama Upendo, ile ya zamani ilikuwa na kichwa cha mfu. Hii hawakuweka. Nimesema basi, ni dawa mpya, wameitoa sumu."

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo. Fikra zangu ziliteremka mlima mzima: Tengeru, Nduruma, mashamba ya njia ya Momela, kila jiko lenye mwanamke aliyetazama chupa kwa akili timamu na kuona kwamba kifo kimeondolewa.

Nilimwaga bakuli mbali, nikaosha mikono ya bibi na ya mjukuu kwa sabuni, nikaifunga ile chupa ndani ya mfuko na kuteremka nayo. Mzee Anaeli nilimkuta kwake anapalilia. Nilimpa chupa mkononi. Aliitazama, akaisogeza karibu na miwani, akaketi juu ya jembe lake. Hakuuliza ilikuwaje. Alijua makasha.

Tulianza kwa mkurugenzi, nyumbani kwake Njiro. Alitupokea getini, hakutukaribisha ndani. Alisikiliza, akaishika chupa, akairudisha haraka. Alisema tusubiri Jumatatu azungumze na mwanasheria, na kwamba neno lolote tutakalolisema nje kabla ya hapo litafunga kiwanda, na kiwanda kikifungwa sisi ndio wa kwanza kukosa kazi. Aliniangalia mimi aliposema hivyo. Nilikuwa na watoto watatu na mume aliyekuwa ameshapunguzwa kazini. Ukweli ni kwamba kwa muda fulani pale getini nilijisikia nataka kumtii. Mzee Anaeli alimshukuru kwa adabu, akamwamkia mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akanishika kiwiko tukaondoka. Njiani aliniambia Jumatatu kuna watakaokuwa wameshakunywa.

Bwana Nikodemo alikuwa dukani, anafunga mahesabu ya asubuhi. Nilimwuliza kama ameziona lebo zilivyotoka. Akafurahi. Akatuambia alitaka kuja kutushukuru, kwa sababu hakutegemea kwamba tungemwekea herufi ya jina lake katikati ya pembetatu, kama nembo ya kampuni kubwa. Alikuwa amemwonyesha hata mkewe.

Mzee Anaeli ndiye aliyemwambia. Nilimwona Bwana Nikodemo akiendelea kutabasamu kwa muda baada ya maneno kumfikia, kama uso wake ulikuwa umesahau kubadilika. Kisha akaketi kwenye gunia. Akauliza swali moja tu, nalo lilikuwa ni watoto wangapi wako kwenye nyumba ya kawaida huko juu.

Alifunga duka. Tukapanda pikapu yake sisi watatu, tukazunguka maduka ya mlimani aliyoyauzia chupa, duka kwa duka, mchana kutwa. Kila mwenye duka alituambia vilevile: bidhaa imekwenda vizuri sana, wanawake wanaipenda. Tulirudisha kreti chache. Nyingine zote zilikuwa zimeshaingia majumbani. Bwana Nikodemo alikuwa anaendesha huku amekunja mabega, na kila tulipopishana na mtoto barabarani alipunguza mwendo na kumtazama.

Ni yeye aliyesema kesho ni Jumapili.

Usharika wa kule mlimani ulikuwa mkubwa, watu wa vijiji vingi. Mchungaji alitusikiliza kwenye chumba cha kuvalia, akasema hatasubiri matangazo ya mwisho, jambo hili litasemwa mwanzoni. Nilidhani mchungaji ndiye atakayesema. Lakini Bwana Nikodemo alitembea mwenyewe mpaka mbele, na suti yake ya Jumapili, mkononi ameshika chupa. Watu wengi walimfahamu. Aliinyanyua juu ili hata walioketi nyuma waione.

"Hii N mnayoiona si jina langu," alisema. "Hapa palitakiwa pawe na kichwa cha mfu. Mitambo imekosea. Dawa iliyomo humu ni ile ile ya zamani, inaua mtu. Aliye nayo jikoni, aliye nayo chumbani, aliyempaka mtoto, asinisubiri nimalize. Aende sasa hivi."

Kisha mwanamke mmoja alisimama, akapita mbele ya magoti ya jirani zake, akatoka. Akafuata mwingine. Halafu benchi zima. Hawakupiga kelele. Nilisikia miguu tu, na vitenge vikisuguana, na mlango unaofunguliwa na kuachiwa. Wazee wa kiume wakafuata. Mchungaji alibaki na kitabu chake wazi mbele ya kanisa linaloondoka.

Mmoja alibaki. Alikuwa ameketi pembeni, mama wa makamo, mikono ameiweka mapajani viganja juu. Nilidhani hakununua. Nilimsogelea nikamwuliza. Jina lake Mama Elisante.

"Niliipaka kitandani jana, kwa kunguni," alisema. "Asubuhi wadogo wawili wakasema kichwa kinawauma. Nikawaambia warudi walale."

Hakuweza kusimama. Tulimwinua mimi na Mzee Anaeli, kila mmoja upande wake, mpaka kwenye pikapu. Kwake hakukuwa mbali, lakini ile njia ya makorongo ilikuwa haiishi. Mama Elisante hakulia. Alikuwa anahesabu majina ya watoto wake chinichini, akifika mwisho anaanza upya.

Mkubwa wa wale wawili tulimkuta nje, ameshikilia mgomba, anatapika. Mdogo alikuwa bado kitandani. Mate yalikuwa yanamtoka mdomoni bila kukoma, mwili umelowa jasho, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Bwana Nikodemo alimbeba kifuani, akamvua nguo huku anakimbia. Mama yao akamsafisha mkubwa kwa maji ya ndoo, tukawapandisha wote.

Kwenye hospitali ya misheni, mganga alitaka kujua ni dawa gani hasa. Nilimpa chupa. Maandishi madogo ya chini, jina la sumu na aina yake, hayo yalikuwa yametoka sawasawa. Aliyasoma mara moja akajua achome sindano ipi. Tulikaa kwenye benchi la nje. Suti ya Bwana Nikodemo ilikuwa imelowa mate ya mtoto, na nesi alipomwambia aivue aoge, hakusikia mpaka aliposhikwa mkono.

Mkubwa alitoka baada ya siku chache. Mdogo alikaa sana, na kuna siku mbili ambazo mama yake alikuwa anatuzuia tusimwulize lolote. Alitoka amekonda, anatembea kwa kushikwa, lakini alitoka. Watu wengine walikuja hospitali kwa woga tu, wakapimwa wakarudi. Kama kuna nyumba ambako mtu aliumwa na ikaitwa malaria, mimi sijui. Hilo sitalijua kamwe, na ndilo linalonishtua pale barazani.

Jumatatu niliingia kazini nikiwa nimeshafunga vitu vyangu kwenye mfuko. Mkurugenzi aliniita, akanifokea, halafu akaniambia nikapange lebo mpya. Nadhani alikuwa ameshasikia habari za kanisani, na alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Basi nilifanya hivi, na ninyi mfanye hivi. Niliiandika upya ile amri ya hatari: kwanza itafute fonti ya alama, na isipoipata isimamishe kazi yote, hata mstari mmoja usitoke. Fonti yenyewe nikaibeba kwenye flopi pamoja na kazi. Nikachapa ukurasa mmoja wenye kila umbo la kila fonti, kwenye ile mashine ya filamu, siyo kwenye yangu. Nikasimama nyuma ya yule kijana wa filamu nikisoma kila onyo linalopita, na alipotaka kubonyeza kazi iendelee nilimshika mkono. Alinichukia. Msiogope kuchukiwa kwa jambo hilo.

Filamu ilitoka na fuvu lake. Mimi niliona fuvu, Mzee Anaeli aliona fuvu, Bwana Nikodemo aliweka kidole juu yake akasema ndiyo. Lakini Mzee Anaeli hakuridhika. Alisema sisi wote watatu tunajua kinachotakiwa kuonekana, kwa hiyo macho yetu hayafai tena. Akamwomba Bwana Nikodemo apande mlimani na pikapu, amlete Mama Elisante, asiyejua kusoma, kama atakubali.

Alikubali. Aliingia chumba cha kompyuta akiwa amevua viatu mlangoni. Mzee Anaeli alimpa kiti, akamwekea mezani karatasi ya majaribio iliyotokana na filamu ile, asimwambie ni ya nini. Akamwuliza anaona nini.

Aliitazama kwa muda mrefu. Maneno yote yaliyokuwa pale hayakumhusu. Macho yake yalipita juu ya maneno hayo kama vile hayapo, yakafika kwenye pembetatu, yakatulia.

"Mtu aliyekufa," alisema.

Mzee Anaeli akamwuliza kama ana hakika.

"Amekufa. Na atakayeigusa dawa hii atamfuata."

Chini ya kila karatasi kama hiyo palikuwa na mstari ambapo siku zote mkurugenzi alitia saini ili kazi iingie mtamboni. Nilileta kidau cha wino. Mama Elisante akachovya dole gumba, akalikandamiza pale kwenye mstari, na mtambo wa kuchapa ukawashwa.